Chagua Mtu wa Kukuambia

Masasi,
jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Sharifa,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za chandarua, maji ya kuchemsha, na watu wa kutowakabidhi begi njiani. Korosho amezifunga. Unga wa muhogo ameufunga pia, ingawa nilimwambia kwamba Katavi nako watu wanakula. Kwa hiyo mimi sina maagizo. Wewe umekwenda kuwaaga shangazi zako Tandahimba, nyumba imetulia, nami nimekaa barazani jua likiwa bado lipo. Nina jambo moja, na kesho stendi hapatakuwa na nafasi ya kulisema. Tena mimi si mtu wa maneno marefu mbele ya kondakta.

Jambo lenyewe ni mjomba wako Hemedi na kidonge.

Najua hadithi hiyo unayo. Unayo ile anayoisimulia yeye: alipigiwa simu kutoka hospitali, akaambiwa amekutana na ugonjwa kazini, akafikiri kama mtu mzima, akameza dawa, akaendelea kuvuna korosho. Ulikuwa chuoni wakati ule, ukaipokea kama ulivyopewa. Mjomba wako ni dereva mzuri na msimuliaji mzuri zaidi. Katika hadithi hiyo yamo mambo mawili ya kweli, simu na kidonge. Yaliyo katikati nitakusimulia mimi, kwa kuwa nilikuwepo, na kwa kuwa ukishafika kwenye kituo cha afya ulichopangiwa wewe ndiye utakayeshika simu ya namna hiyo. Na siku nyingine itakuwa simu yako ndiyo inayoita.

Ulikuwa msimu wa korosho. Minada imeanza, nami nilikuwa nimepanda Newala kuwahoji wakulima kwa ajili ya redio. Mjomba wako alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la hospitali moja huko juu, kama alivyo mpaka leo.

Siku moja kabla ya siku ninayotaka kukusimulia, alitumwa kijijini kumchukua mwalimu wa shule ya msingi, mgeni wa huku, mtu wa bara. Mwalimu alikuwa na homa kali, shingo imekakamaa, na maneno yanamtoka ovyo. Muuguzi aliyepaswa kwenda naye alikuwa na mama anayejifungua, kwa hiyo mjomba wako alikwenda peke yake, na wakati wa kurudi mke wa mwalimu ndiye aliyekaa nyuma na mumewe. Njiani mwalimu akatapika, kisha akaacha kupumua. Mke akapiga kelele. Mjomba wako akasimamisha gari, akapanda nyuma, akamsafisha kinywa kwa vidole vyake, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mwalimu, akapuliza. Alikuwa amefundishwa jambo hilo siku moja tu, kwenye semina, kwa kupuliza mwanasesere wa mpira, na wenzake walimcheka mpaka jioni. Akapuliza hivyo hivyo. Mwalimu akakohoa, akavuta pumzi.

Alimfikisha. Akaosha gari kwa maji ya klorini, akakabidhi funguo, akaanza likizo yake na kwenda Makote kwa wakwe zake kusaidia mavuno. Hakumwambia mtu habari ya kupuliza. Hakuwa anaficha. Kwake yeye ile ilikuwa ni sehemu ya kuendesha gari.

Kesho yake majibu ya maabara yakatoka. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, ile inayoambukizwa kwa mate na pumzi ya karibu. Daktari mfawidhi, kijana wa Kagera aliyekuwa ameripoti hivi karibuni, alifanya kazi yake vizuri: aliwaita wauguzi waliompokea mwalimu, akawaeleza, wakapewa dawa ya kinga palepale. Hapo ndipo mambo yangeishia, kama si Sista Agnes.

Sista Agnes unamjua, yule muuguzi Mmakua wa Lulindi mwenye sauti ya kuongozea kwaya. Alimaliza kumeza dawa yake, akaenda kukaa kitandani pembeni ya mke wa mwalimu, ambaye naye alikuwa amepewa yake.

"Mama, tangu nyumbani mpaka hapa, nani mwingine alimshika baba?"

"Yule dereva. Alimpa pumzi."

"Alimpa nini?"

"Pumzi. Mdomo kwa mdomo. Mimi nilidhani amechanganyikiwa."

Agnes akarudi kwa daktari mbio. "Kuna mwingine hatujamwambia. Dereva."

"Dereva?" daktari akauliza. "Nilidhani tumewamaliza wahudumu wote."

"Daktari, aliyempa mgonjwa pumzi yake mwenyewe kama si mhudumu, basi mhudumu ni nani?"

Daktari hakubishana. Alisema, "Mpigie sasa hivi." Kwa neno hilo ninampa sifa zake, kwa sababu nimeona wakubwa wengi wakianza kwanza kutafuta ni kazi ya nani.

Sasa hapa ndipo ukoo wetu unapoingia. Mjomba wako ni Mmakonde, Agnes ni Mmakua, ni watani, na utani wao si wa kusalimiana tu. Alipofariki babu yako, Agnes alilala barabarani mbele ya jeneza akakataa kupisha mpaka apewe jogoo, na akapewa. Na mwezi mmoja kabla ya hili la mwalimu, mjomba wako alimtafuta dereva mwenzake mwenye lafudhi ya bara, akampigia Agnes simu akijifanya ofisa kutoka juu, akamwambia amehamishiwa Liwale, aripoti mara moja. Agnes aliaga kanisani. Alifunga masufuria. Alianza kumtafutia mbuzi wake mtu wa kumlea. Alipojua, alitikisa kichwa tu, na mji mzima ukajua kwamba kisasi kinakuja.

Huyo ndiye aliyempigia mjomba wako.

"Baba Zaituni, nisikilize. Yule mgonjwa uliyemleta jana ana homa ya uti wa mgongo. Wewe ulimpulizia mdomoni. Unatakiwa umeze dawa leo."

Kikaja kicheko kilichosikika mpaka kwenye benchi la wagonjwa.

"Agnes! Mwezi mzima ulikuwa unaitunga hiyo?"

"Sitanii, Hemedi."

"Mmakua akisema hatanii, shika mfuko."

"Hemedi, utakufa!"

"Nikifa nizikeni na viazi vyangu vya porini, ming'oko, na wewe uje udai jogoo mwingine."

Akakata simu. "Utakufa" ndilo neno ambalo wawili hao wameambiana kila wiki tangu walipofahamiana. Lilikuwa limechakaa kwa matumizi, na siku lilipohitajika halikuwa na nguvu tena.

Daktari akachukua namba, akapiga mwenyewe. "Habari za saa hizi. Mimi ni daktari mfawidhi."

"Hongera," mjomba wako akamjibu. "Lafudhi umeiweza kuliko yule wangu. Agnes kakupa korosho kilo ngapi?"

Daktari aliitazama simu kama iliyomng'ata. "Amenipongeza," akasema. Kisha akamwuliza Agnes kwa upole kabisa, "Sista, utani wenu huu una mipaka yoyote?"

Alipopiga tena, simu haikupokelewa. Ndipo Agnes akakumbuka kwamba mume wa dada yake Hemedi yuko mjini na kinasa sauti. Akanipata mnadani. "Shemeji yako atakufa huku anacheka," akaniambia. "Njoo."

Nimefanya kazi ya habari tangu kabla hujazaliwa. Nimeripoti mafuriko, ajali, kipindupindu, na chaguzi zenye ghasia kuliko kipindupindu. Hushtuki ukishazoea, unauliza nini kinajulikana, nini hakijulikani, nani anahusika. Niliuliza. Agnes akanijibu kwamba si kila anayekutana na ugonjwa ule anaugua, ila anayeugua huenda haraka sana, wakati mwingine hafikishwi hata hospitali, na kidonge kinafaa kikiwahi. Siku nzima ilikuwa imekwisha kupita. Hilo lilitosha.

Nikampigia mama yako Masasi, yeye akampigia kaka yake. Jibu lililorudi lilikuwa: "Mwambie mumeo kama hana habari ya kutangaza, aje anisaidie kuokota korosho."

Basi nikampigia mimi. Na unajua nilianzaje? "Shemeji, bado uko hai?" Ndivyo tunavyosalimiana tangu nilipomposa dada yake. Lilinitoka kabla sijafikiri. Nikalisikia likiondoka na nikajua nimeshindwa, maana yeye alikuwa anacheka tayari na kuniambia, "Na wewe umo!" Maisha yangu yote nimepima maneno mbele ya maikrofoni, na siku ya shemeji yangu sikupima hata moja. Kuwatangazia maelfu ni kazi nyepesi, mwanangu, kwa sababu humwoni anayesikia na yeye hakujui ulivyo. Kumwambia mtu mmoja anayekujua ni kazi nyingine. Anasikia historia yenu yote kabla hajasikia neno lako.

Nilikuwa na wazo la pili, na nitakuambia kwa sababu hata wewe utalipata siku utakapokuwa na haraka. Nilimwambia Agnes, "Nitaomba studio wasome tangazo. Dereva wa gari la wagonjwa aliyembeba mwalimu wa kijiji fulani arudi hospitali."

Agnes alinitazama kama ambavyo hajawahi kunitazama. "Halafu kesho watoto wa mwalimu wakachote maji wapi? Ujenge uzio kuzunguka nyumba yake kabisa, itakuwa rahisi."

Nilikuwa nimefikiria habari inafikaje, sikufikiria inapita kwa nani. Anayestahili kuambiwa alikuwa mmoja, nami nilitaka kuuambia uwanda mzima.

"Sasa tufanye nini?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Kuna mtu gani duniani Hemedi hamtanii?"

Tukatazamana. Jibu tulilipata wote kwa pamoja, na pikipiki yangu ilikuwa nje.

Njia ya Makote unaijua ilivyo, mchanga mpaka kwenye rimu. Agnes alikaa nyuma akiwa na sare yake, kidonge kwenye mfuko wa kifuani, mkono mmoja juu ya mfuko huo. Tulipoingia uani kwa wakwe zake, wanaume walikuwa wamekaa juu ya magunia wakisubiri gari la chama cha ushirika, na mjomba wako yuko katikati yao, mzima kama kigogo, mikono imechafuka kwa maji ya mabibo.

"Jamani, watani wamefika!" akapiga kelele. "Jeneza mmeliacha wapi? Agnes, umeshapima urefu wangu, au mpaka nilale?"

Wenzake wakaangua kicheko. Agnes hakumjibu. Alishuka, akarekebisha sare, akapita mbele yao kimya akaelekea upande wa jikoni. Nikaona uso wa mjomba wako ukibadilika kidogo. Mtani anayechokozwa bila kujibu ni jambo ambalo hajawahi kuliona.

Mama mkwe wake, Bi Mwanaisha, alikuwa ameketi juu ya jamvi akichambua korosho, nzima huku, mbovu kule. Agnes akavua viatu, akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Na sare mpaka huku?"

"Nimekuja kwa kazi, mama. Mkweo amekutana na ugonjwa akiwa kazini. Hajaugua. Tunataka asiugue. Dawa yake ninayo hapa, ni kidonge kimoja, na inafaa akimeze sasa. Nimemwambia, hakuniamini, kwa kuwa mimi ni mtani wake."

Nimewasikia mawaziri wakitoa taarifa, wataalamu wakitoa taarifa. Sijasikia nyingine kama hiyo. Isome tena, Sharifa. Hakuna neno la kutisha ndani yake na hakuna la kubembeleza.

"Ugonjwa gani?" Bi Mwanaisha akauliza.

"Homa ya uti wa mgongo."

Mikono ya mama ikasimama juu ya korosho. "Kautoa kwa nani?"

"Kwa mtu aliyemwokoa, mama. Jina la mtu huyo si langu kulitoa."

"Alimwokoa? Mkwe wangu?"

"Alimrudishia pumzi njiani. Bila yeye tungepokea maiti."

Bi Mwanaisha hakuwa ameambiwa. Hakuna aliyekuwa ameambiwa, hata mkewe. Alikaa akiitazama ile korosho mkononi, kisha akasema, "Unajua kwamba mimi sisemi na mkwe wangu."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Desturi hiyo wewe umeikuta imelegea, vijana siku hizi wanapiga picha na wakwe zao. Kwa Bi Mwanaisha haikuwa imelegea. Tangu mjomba wako alipooa, hawajawahi kutazamana. Akitaka chumvi ifike kwake, atamtuma mtoto. Akipita njiani, mjomba wako huteremka pembeni mpaka apite. Hakuna ubaya kati yao. Hivyo ndivyo wanavyoheshimiana.

Akasimama. Akajitanda khanga vizuri, akachota maji kwenye kikombe, akapokea kidonge kutoka kwa Agnes, akatembea mwenyewe mpaka kwenye magunia. Vicheko vilikatika kimoja kimoja. Mjomba wako alipomwona aliruka chini kutoka kwenye gunia, akainamisha macho, akatafuta njia ya kupita, na njia haikuwepo.

Bi Mwanaisha alisimama hatua chache mbele yake, amegeuza uso upande.

"Baba Zaituni."

Alikuwa hajawahi kulisikia jina lake kinywani mwa mama yule.

"Hawa hawatanii. Meza."

Mjomba wako akanyoosha mikono yote miwili, akapokea, akameza, akanywa maji mpaka mwisho. Agnes akasogea, akamwuliza kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru, kama anasikia homa, kama kichwa kinamwuma au shingo. Akajibu yote kwa sauti ndogo: "Hapana, Sista." Sista! Kabla ya siku ile hajawahi kumwita hivyo. Agnes akamweleza dalili za kuangalia siku zinazofuata, na kwamba akiona hata moja aje, usiku au mchana, asingoje.

Kisha nikaona wazo linampitia usoni.

"Sista. Yule aliyepiga simu na lafudhi... alikuwa daktari kweli?"

"Kweli."

"Nilimwuliza korosho kilo ngapi."

"Alisikia."

Hapo hata Bi Mwanaisha, aliyekuwa ameanza kurudi jikoni, mabega yalimcheza. Wanaume walicheka mpaka mmoja akaanguka nyuma ya magunia. Mjomba wako mwenyewe alikaa chini mchangani akafunika uso.

Hakuugua. Siku zote za kusubiri, kila asubuhi kabla ya chai, Bi Mwanaisha alimtuma mjukuu wake Zaituni kuuliza baba ameamkaje, na kila asubuhi mtoto alirudi na jibu: mzima. Siku ya mwisho ya kusubiri alituma jogoo. Mwalimu naye alipona. Alirudi darasani, na Jumapili moja alikuja na mkewe kumsalimu mjomba wako. Akamwambia "shikamoo", ingawa mwalimu ndiye mkubwa kwa umri. Mjomba wako akaitikia "marahaba" hivyo hivyo.

Lakini ushindi ninaotaka uuchukue uende nao si huo.

Daktari yule wa Kagera alipokwisha kuimeza aibu ya kumsahau dereva, aliitisha kikao. Alinikaribisha, sharti nisirekodi. Na hakuwaita wauguzi peke yao. Aliwaita madereva, wafagiaji, walinzi, mama wa kufua mashuka, na yule anayechoma taka nyuma ya jengo. Baadhi walikaa mlangoni kwa kuwa hawajawahi kualikwa ndani. Akawaambia hivi: ikigundulika kwamba mgonjwa ana ugonjwa wa kuambukiza, kila aliyemgusa, aliyembeba, aliyefua au aliyefagia baada yake atatafutwa na kuambiwa, siku hiyohiyo, kwa faragha, aambiwe alichokutana nacho na cha kufanya, bila jina la mgonjwa kutembea mitaani. Na kila mmoja achague mapema mtu wa kumwambia. "Asiwe mtani wako," akasema, "asiwe shemeji yako. Awe mtu ambaye akisema kaa, unakaa."

Mama wa kufua, mtu mzima aliyefua mashuka ya hospitali ile miaka na miaka, akanyoosha mkono.

"Daktari, na mimi nitaambiwa?"

"Na wewe, mama."

"Damu ya kwenye mashuka, kama ni mbaya, nitaambiwa?"

"Siku hiyohiyo. Na ukichomwa na sindano iliyosahaulika shukani, hungoji tukuite, unakuja mbio wewe, hata kama mimi nimelala, na nitaamka."

Yule mama alisimama, akaweka kiganja mdomoni, akapiga kigelegele. Kimoja kwanza, peke yake. Kisha wafagiaji wakampokea, wakampokea na wauguzi, mpaka wagonjwa wodini wakawa wanauliza nani kaolewa. Nimeripoti vigelegele vya wabunge kushinda na vya mabomba ya maji kufunguliwa. Hivyo vya chumba kile ndivyo ambavyo sikuruhusiwa kuvirekodi, na ndivyo ninavyovikumbuka.

Na kazi ilifanyika. Mvua zilipoanza alilazwa mgonjwa akagundulika na kifua kikuu. Kabla jua halijazama, wote walikuwa wameambiwa, kuanzia daktari mpaka mlinzi wa lango aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka chooni. Wakapimwa. Mlinzi yule alikutwa na kifua kikuu chake mwenyewe, alichokuwa anakiita baridi ya usiku. Ulikuwa mwanzo kabisa. Akanywa dawa zote, akapona, na sasa yuko langoni, na ukipita bila kumsalimu anakufuata na filimbi.

Kwa hiyo, mwanangu, nakutakia kazi, na ninajua utaiweza. Yapo machache tu nitakayoongeza.

Siku utakapotakiwa kumpa mtu habari ya namna hii, usianze na mazoea yenu. Anza na kitu chenyewe. Mwambie amekutana na nini, kwamba hajaugua kama hajaugua, na afanye nini sasa. Akicheka, usikasirike. Mtu anacheka kwa kuwa anaogopa au kwa kuwa umemzoeza, na kote kuwili si kosa la masikio yake. Tafuta mdomo mwingine. Kumbuka mwenye gari, mwenye ufagio, mwenye bodaboda aliyembeba mgonjwa kutoka shamba. Hao hawataandikwa kwenye zamu yako, itabidi uwaulize wenye mgonjwa kama Agnes alivyouliza.

Na siku utakayoambiwa wewe, kaa usikilize. Usitafute kwanza nani mwenye makosa. Usifiche kwa ajili yetu, eti tusihangaike. Sisi tumezoea kuhangaika na hatujafa. Meza dawa, pima, subiri, rudi kupima. Mtu hajishushi kwa kuambiwa. Wewe umesomea kazi ya kuweka mikono palipo na ugonjwa, na mikono hiyo ina haki ya kujua imegusa nini.

Ukifika, kabla hujatafuta hata kitanda cha kununua, tafuta mtu huyo wa kukuambia. Asiwe mimi, mimi nitakuwa mbali, na simu za huko sizijui. Asiwe rafiki wa kucheka naye. Mtafute muuguzi mzee au mke wa mchungaji au mama mwenye nyumba, yeyote ambaye akikuita jina lako zima utaweka kijiko chini. Mwombe ukiwa na heri. Kisha niandikie jina lake nimjue.

Nilikuwa nataka kumaliza kwa maneno mengine, lakini mjomba wako amefika sasa hivi kutoka Newala. Amechukua ruhusa ili akupeleke stendi mwenyewe kesho alfajiri. Anasema hamwamini dereva mwingine na mpwa wake. Ameshapakia begi lako moja bila kuuliza, na amelipakia vibaya, mama yako anamgombeza. Amekuja kusimama nyuma yangu.

"Unamwandikia nini mpwa wangu?"

"Habari ya kidonge."

"Ile yangu au ile yako?"

"Ile ya kweli."

Amekaa kwenye ngazi akanywa chai yangu. Ana mvi kidogo sasa, na kitambi. Anasema kama lazima niandike, basi nisisahau kuandika kwamba kilikuwa kichungu sana.

Nimeandika.

Baba yako